Kijana Mwenye Pumu: Acheze au Akae Kando?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha Ramadhan, baada ya swala ya alasiri)



 

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mliokuja na watoto wenu, nimeombwa nizungumze juu ya afya ya kijana katika mwezi huu mtukufu. Afya ni bahari, na adhana ya magharibi haitungoji, kwa hivyo nimechagua jambo moja ambalo naona kwetu linapuuzwa. Nalo ni ugonjwa wa pumu, na hasa swali hili: kijana mwenye pumu acheze na wenzake, au akae kando awashikie viatu?

Nasema awashikie viatu kwa sababu ndivyo ilivyo. Nenda kiwanja chochote jioni vijana wakipiga mpira, utamwona mmoja ameketi kwenye jiwe, amepakata viatu na simu za wenziwe. Ukiuliza, utaambiwa, "Huyo ana pumu, mamake hataki akimbie." Na mama si mbaya. Amekesha naye usiku kifua kikipiga mluzi, akamwona mwanawe akipigania pumzi mpaka alfajiri. Mtu akishaona hivyo, kumzuia mtoto asikimbie ndiyo huruma anayoijua. Lakini hebu tutazame huruma hiyo inamfanya nini mtoto.

Kwanza tuelewane pumu ni kitu gani. Njia za hewa zilizo ndani ya mapafu zimevimba kidogo wakati wote, hata siku ambazo mgonjwa hasikii chochote. Zikiguswa na kitu zisichokipenda, misuli inayozizunguka hukaza, ute huongezeka, na nafasi ya hewa kupita inakuwa nyembamba. Hapo ndipo utasikia mluzi, kikohozi na kifua kubana. Vitu vyenyewe vyatofautiana baina ya mtu na mtu: vumbi, mafua, baridi, moshi wa jiko la makaa, manyoya ya paka. Na kwetu sisi watu wa pwani, hebu niseme ukweli ingawa baadhi ya mama zangu hapa watanikunjia uso, moshi wa udi na ubani pia ni miongoni mwa vitu hivyo. Chetezo kikizungushwa nyumba nzima milango imefungwa, mwenye pumu yuwapata taabu. Fukiza nguo zako, mama, lakini fungua madirisha na mtoto asiwe chumbani.

Mazoezi nayo yaweza kuamsha pumu. Hilo ni kweli, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimelikataa. Mwaka 1998 watafiti walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya hapa hapa Kenya. Waliwapima watoto wa shule pumzi zao kabla na baada ya mazoezi, wengine wa Nairobi na wengine wa mashambani Murang'a. Nairobi, karibu watoto 23 katika kila 100 pumzi zao zilishuka kwa asilimia 10 au zaidi baada ya mazoezi. Murang'a walikuwa karibu 13 katika kila 100. Kwa hivyo tusidhani ni ugonjwa wa mtoto mmoja mmoja wa bahati mbaya. Katika darasa la mjini lenye watoto 40 huenda wakawemo 8 au 9 ambao vifua vyao hubana wakikimbia, na baadhi yao hawajui, wala mwalimu hajui, wote wanadhani ni uvivu.

Kwa nini kukimbia kubane kifua? Ukiwa umetulia unavuta hewa kwa pua, na pua inaipasha moto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Ukikimbia unavuta kwa mdomo, kwa haraka na kwa wingi, na hewa inaingia ikiwa kavu na baridi. Inanyonya maji kwenye ngozi laini ya njia za hewa, ngozi ile inakereka, na misuli inakaza. Ndiyo maana asubuhi ya baridi ya Nairobi mwezi wa Julai ni ngumu kwa mwenye pumu kuliko jioni yenye joto na unyevu ya Mombasa.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yangu. Mtoto akikatazwa kukimbia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, ni nini kinatokea? Pumu haiponi kwa kukaa. Ila moyo wake unazoea kazi ndogo, misuli ya miguu inalegea, na mara nyingi uzito unaongezeka. Siku akilazimika kupanda ngazi za ghorofa ya nne, mwili usio na mazoezi unahitaji hewa nyingi kwa kazi ile ile ambayo mwenziwe anaifanya bila kuhema. Basi anahema sana, kwa mdomo, na hewa ile kavu tuliyoisema inaingia kwa wingi. Kifua kinabana. Mama anasema, "Si nilisema? Hata ngazi zinamshinda." Anakatazwa zaidi, analegea zaidi. Huo ni mzunguko, ndugu zangu, na aliye ndani yake hauoni.

Mwenye mazoezi mambo yake ni kinyume. Moyo wake unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, misuli yake inatumia hewa vizuri, na kwa mwendo ule ule anahitaji pumzi chache zaidi. Pumu bado anayo, lakini kizingiti cha kuiamsha kimepanda. Wataalamu waliokusanya pamoja majaribio 21 ya kuwafanyisha mazoezi watu wenye pumu, watoto kwa watu wazima, na kuyachapisha mwaka 2013, waliona kwamba uwezo wa mwili kutumia oksijeni uliongezeka, na mazoezi hayo hayakuwazidishia ugonjwa. Hilo la pili ndilo nataka wazazi walibebe mpaka nyumbani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kijana mwenyewe lazima alijue, nalo ni kutofautisha kuhema na kubanwa. Kila mtu akikimbia anahema. Kuhema kwa kukosa mazoezi huanza ukiwa unakimbia, na ukisimama kunapungua, dakika chache tu umetulia. Pumu ya mazoezi ina tabia yake: mara nyingi inazidi baada ya kusimama, hufika kileleni kama dakika 5 hadi 10 tangu uache kukimbia, tena inakuja na kikohozi, mluzi au kifua kizito kama kimewekewa jiwe, na huchukua nusu saa hadi saa nzima kuondoka. Jichunguze. Vijana wengi walioambiwa "ni pumu" kumbe siku nyingine ni miguu tu haijazoea, na wengine walioambiwa "wewe mvivu" kumbe ni pumu isiyotibiwa. Ukiwa na shaka nenda hospitali, kuna kifaa kidogo cha kupulizia kinachopima nguvu ya pumzi, na kipimo hakiumi.

Na wasikudanganye kwamba mwenye pumu hawezi kufika mbali. Haile Gebrselassie, jirani yetu wa Ethiopia, ana pumu. Mwaka 2008 alijitoa kwenye marathoni ya Olimpiki ya Beijing akihofia hewa chafu ya mji ule, akakimbia mita 10,000 peke yake na kumaliza wa 6. Watu wakasema mzee amekwisha. Mwezi uliofuata, Septemba 2008, akaenda Berlin na kuweka rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Angalia alivyofanya: hakuacha kukimbia, alichagua wapi na lini. Paula Radcliffe wa Uingereza naye ana pumu tangu ujana wake. Rekodi yake ya marathoni ya London mwaka 2003 ilidumu miaka 16, mpaka Brigid Kosgei wetu alipoivunja Chicago mwaka 2019.

Basi, kijana, utaanzaje?

Usianze na kiwanja, anza na dawa. Mwenye pumu isiyodhibitiwa akienda kukimbia anajitafutia balaa, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunaijua inhela ya buluu tu. Ile ya buluu, Ventolin na wenziwe, inalegeza misuli kwa haraka, unapata nafuu, unairudisha mfukoni. Lakini haigusi ule uvimbe wa ndani. Unaotibu uvimbe ni ile dawa ya kinga, mara nyingi huwa na rangi ya kahawia, ambayo yatumiwa kila siku hata ukiwa mzima. Watu huiacha kwa sababu hawasikii tofauti papo hapo, tena ni gharama juu ya gharama. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu imeacha kupendekeza inhela ya buluu peke yake kwa vijana na watu wazima. Ukiona unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unamaliza mikebe 3 au zaidi kwa mwaka, pumu yako haijadhibitiwa hata kama umezoea kusema "mimi niko sawa".

Najua maneno ya mitaani. Ati inhela inalevya, ukianza huachi. Ati inachosha moyo. Ati ni steroidi kama zile za wabeba vyuma. Dawa ya kinga ni steroidi kweli, lakini si ya jamii ile ya kujaza misuli, na kipimo chake ni kidogo sana kinachokwenda moja kwa moja mapafuni. Sukutua mdomo baada ya kuvuta, basi. Anayeihitaji kila siku haihitaji kwa kulevywa, kama vile mwenye miwani hakulevywa na miwani.

Na ukivuta, vuta vizuri. Wengi wanapulizia ulimi. Mtoto hasa anahitaji ile chupa ya kuvutia, na kama ya dukani ni ghali, kuna utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, ikitobolewa chini tundu linalolingana na mdomo wa inhela na kuzibwa pembeni hewa isivuje, inafanya kazi sawa na ya dukani. Mwulize daktari au nesi akuonyeshe namna ya kuitengeneza. Tumetupa chupa ngapi leo baada ya futari ya jana?

Ukishadhibiti pumu, sasa njoo kiwanjani. Pasha mwili moto dakika 10 hadi 15, kukimbia polepole ukichanganya na mbio fupi fupi. Kwa baadhi ya watu kupasha moto huko peke yake hukinga kifua kwa mchezo unaofuata. Kama daktari amekuambia utumie inhela kabla ya mazoezi, ivute dakika 10 hadi 15 kabla, si wakati mpira umeshaanza. Siku za vumbi na baridi funika mdomo na pua kwa kitambaa. Siku una mafua au usiku uliopita ulibanwa, pumzika, hilo halina aibu. Na uchague mchezo: mbio ndefu zisizo na kupumzika ndizo zinazobana sana, ilhali mpira wa wavu, mbio fupi na michezo ya kusimama-simama ni rahisi. Kuogelea ni kuzuri mno kwa sababu hewa ya juu ya maji ina unyevu, na sisi wa pwani tumepewa bahari bure. Lengo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 za kutoka jasho kwa siku, na mwenye pumu hakutolewa katika hesabu hiyo. Anza na 10 kama hujazoea.

Dada zetu nao wasisahauliwe. Mara nyingi pumu kwa msichana imekuwa kisingizio tu cha kumkalisha. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na bibi akamshinda, kisha siku nyingine yeye Mtume akashinda, kama alivyosimulia bibi mwenyewe. Kuruka kamba uani, kutembea kwa haraka na mamake baada ya alasiri, kuogelea mahali pa wanawake peke yao, njia zipo.

Kwa walimu na wazazi wa shule za bweni nina neno moja. Inhela iliyofungiwa kwenye kabati la metroni, na ufunguo umeenda mjini, haimsaidii mtoto aliyebanwa uwanjani. Mtoto mkubwa anayejua kuitumia aiweke mfukoni mwake, na mwalimu wa michezo ajue.

Sasa Ramadhan. Hapa mimi si mufti, nasema upande wa afya na kunukuu waliyosema wenye ilimu. Je, inhela yafunguza? Wanavyuoni wamekhitalifiana. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, Mwenyezi Mungu awarehemu, walisema haifunguzi. Wengine, na wengi wa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yetu hapa pwani, wanasema ni kitu kinachoingia ndani ya mwili, kwa hivyo kinafunguza na siku hiyo italipwa. Mwulize sheikh unayemwamini, tena muulize mapema, si siku umebanwa. Lakini sikilizeni vizuri, vijana. Kauli ya kwanza inasema: itumie na uendelee na saumu yako. Kauli ya pili inasema: itumie na ulipe siku baadaye. Hakuna kauli ya tatu inayosema usiitumie ukae hivyo hivyo mpaka ufe. Hiyo ya tatu ni yetu sisi, ya mitaani, ya "vumilia bwana, magharibi imekaribia". Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa waziwazi ahesabu siku nyingine.

Na mnakijua kisa alichokipokea Abu Dawud, cha yule sahaba aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akawa na janaba, akawauliza wenziwe kama aweza kutayamam. Wakamwambia hana ruhusa. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika, akawalaumu kwamba wao ndio waliomwua, na kwamba walipokuwa hawajui wangeuliza. Kila nikisikia kijana ameambiwa na rafiki zake avumilie pumu kwa ajili ya saumu, hukikumbuka kisa hicho.

Mpango wenyewe si mgumu. Dawa ya kinga ivutwe mara mbili, wakati wa futari na wakati wa daku, na ivute kabla ya kula daku ili chakula na maji visafishe koo. Iwapo imekuwa ikikubana mara kwa mara, nenda kwa daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mazoezi ya nguvu yasogeze usiku, saa moja au mbili baada ya futari au baada ya tarawehe, ukiwa umekunywa maji na inhela yako haina khitilafu ya mtu yeyote. Mchana tembea tu. Wale wanaopenda kukimbia saa kumi na moja jioni "ili jasho lishuke na futari" wanakimbia wakiwa wakavu kabisa, na kwa mwenye pumu huo si ushujaa. Na kwenye ligi zetu za usiku wa Ramadhan, atakayesimamia timu ajue nani ana pumu na inhela yake iko kwenye mfuko upi.

Akibanwa, mketishe wima, usimlaze. Asizungukwe na watu. Inhela ya buluu, mvuto mmoja kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, mpaka mivuto 10. Kama hapati nafuu, hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo imegeuka rangi au anaanza kusinzia, huyo ni wa hospitali sasa hivi, kwa gari lolote lililo karibu, na mivuto iendelee njiani. Masuala ya saumu yake mtayazungumza na sheikh akishapona.

Kuna mama ameniletea swali kwenye karatasi kabla ya kikao. Anasema mwanawe wa miaka 9 ana pumu, naye alia kila siku kwamba wenziwe wa madrasa wanafunga na yeye kakatazwa. Mama, mtoto hajabaleghe, saumu si wajibu kwake, lakini hamu yake ni neema usiizime. Kwanza mpeleke akapimwe. Daktari akiridhika, mwamshe daku, avute dawa ya kinga, afunge mpaka adhuhuri kama tulivyozoeshwa sisi sote tulipokuwa wadogo, na inhela ya buluu iwe mfukoni mwa kanzu yake. Mwalimu wake wa madrasa mwambie. Na akitaka kukimbia na wenziwe baada ya futari, mwache.